Mshahara wa siri, karatasi za saini na zamu ya siku ya uchaguzi

Barua za safari hii karibu zote zimeandikwa na wanawake walio kazini. Nimechagua nne. Zilizokuwa ndefu nimezipunguza na majina nimeyaficha. Ukali wa maneno nimeuacha palepale, kwa sababu ulistahili kuwapo.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni msimamizi wa kikosi cha washonaji kiwandani. Nililetewa kijana nimfundishe kazi, nikamfundisha, akaiva, akapewa kikosi cha jirani. Juzi hati yake ya mshahara ilisahauliwa juu ya mashine nikaiona. Ananizidi, tena si kidogo. Nilipomuuliza bosi alinijibu kwamba mshahara ni siri, na kwamba kijana ana majukumu ya familia. Mimi nina watoto watatu na mama mzazi! Nikaenda kwenye kikundi cha wanawake wafanyakazi kutafuta msaada, wao wakaniuliza kama jina langu limo kwenye daftari la wapigakura. Nimekwenda na shida ya mshahara, kura inaingiaje hapo? — Fundi Mwenye Hasira

Marahaba, mwanangu. Hasira usiitupe, lakini leo usiku shika kalamu kwanza. Andika tarehe uliyoiona hati ile, kiasi ulichokiona, na maneno ya bosi kama alivyoyatamka, hasa hilo la majukumu ya familia. Tumia daftari lako mwenyewe na likae nyumbani. Usiandike kwenye kompyuta ya ofisi, maana siku wakikufungia mlango ushahidi utabaki ndani. Hati ya kijana usiipige picha wala usiichukue. Watakugeuzia kibao, kesi iwe yako. Kusanya za kwako: mkataba, barua ya kupandishwa cheo, hati zako za mshahara na tathmini zako za kazi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Kwa wiki mbili tatu andika unachofanya tangu unapoingia hadi unapotoka: nani ulimpanga kwenye mashine ipi, mzigo gani ulirudishwa na kwa nini, nani aliyebadilisha sindano na kukaza mkanda fundi mitambo alipochelewa. Nilipokuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi nilikaa meza moja na mabosi wa kila aina, na sijasikia hata mmoja akisema, "Tunamlipa kidogo kwa kuwa ni mwanamke." Husema kazi hazifanani. Husema yule ana majukumu mazito zaidi, au cheo chake kina jina jingine. Wakifika hapo, malalamiko matupu hayatakusaidia. Utahitaji lile daftari.

Washonaji wenzako wa kiwanda cha Ford cha Dagenham, mashariki mwa London, walikutana na ukuta huohuo. Walikuwa wanawake 187 wanaoshona vitambaa vya viti vya magari. Kazi yao iliwekwa daraja B, la wasio na ujuzi mkubwa, ingawa huwezi kupokelewa pale bila kujaribiwa kwenye mashine. Na hata ndani ya daraja hilo walilipwa asilimia 85 ya wanachopata wanaume. Juni 1968 wakagoma. Viti vikakosekana, na gari bila viti haliuziki. Waziri Barbara Castle akawaita wazungumze, wakarudi kazini na asilimia 92, na mwaka 1970 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Malipo Sawa. Watu wengi wakiisimulia huishia hapo na kushangilia. Lakini suala la daraja, ambalo ndilo lililowatoa nje, halikwisha siku ile. Iliwabidi wagome tena mwaka 1984 ndipo ujuzi wao ukatambuliwa. Kwa hiyo usidai nyongeza peke yake. Dai waonyeshe kwa maandishi kazi yako imepimwaje, na ya kijana imepimwaje.

Chunguza pia sheria ya nchi yako inasemaje hasa. Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unazungumzia malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Sheria nyingine za nchi husema kazi ileile tu, na hapo mwajiri mjanja hubadilisha jina la cheo, mchezo ukaisha. Na uliza mapema: nina siku ngapi za kulalamika, na zinahesabiwa tangu lini? Swali hilo linanipeleka kwenye kura uliyoniuliza.

Lilly Ledbetter aliajiriwa mwaka 1979 katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, jimbo la Alabama, Marekani. Alikuwa msimamizi kama wewe. Hapo kwao nako mshahara ulikuwa siri. Alipokaribia kustaafu, mtu ambaye hakujitambulisha alimwachia kikaratasi kwenye kisanduku chake cha barua kazini: mshahara wake, na pembeni mishahara ya wanaume watatu wa cheo kilekile. Yeye alikuwa akipata dola 3,727 kwa mwezi. Katika wasimamizi wanaume wa ngazi yake, aliyelipwa kidogo kuliko wote alipata 4,286, na wa juu kabisa 5,236. Fikiria kusimama na kikaratasi kile mkononi huku zamu inakungoja. Kila nyongeza ya miaka yote ile ilikuwa imehesabiwa juu ya mshahara uliopunjwa, saa za ziada nazo vivyo hivyo, na pensheni ilikuwa inakwenda kuhesabiwa juu ya hayo yote.

Alishtaki. Wananchi walioketi kuamua kesi walimpa ushindi. Kampuni ikakata rufaa, na Mei 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumpunja ulipofanywa. Uamuzi ambao alifichwa! Jaji Ruth Bader Ginsburg aliyasoma mahakamani kwa sauti maoni yake ya kupinga, akaeleza kwamba sasa jukumu la kurekebisha liko kwa Bunge.

Hapa nakuomba usome polepole. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kurekebisha mwaka uleule wa 2007. Ukaenda Seneti, chumba cha pili cha Bunge lao, na Aprili 2008 ukakwama. Ili mjadala uendelee zilihitajika kura 60, zikapatikana 56. Ledbetter alikuwa ameshazunguka, ameshahojiwa, ameshatoa ushahidi mbele ya kamati za Bunge. Vikundi vya wanawake na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshapiga simu na kuandika barua. Hoja zilikuwa kamili. Zilipungua kura nne tu. Novemba 2008 ukafanyika uchaguzi, na Januari 2009 muswada ukarudi Seneti, ukapita kwa 61 dhidi ya 36. Tarehe 29 Januari Barack Obama akautia saini, sheria yake ya kwanza tangu aingie madarakani. Siku 180 zikawa zinaanza upya kila mtu anapopokea mshahara wenye upunjaji. Kati ya Aprili na Januari hakuna aliyegundua hoja mpya. Waliobadilika ni watu waliokalia viti, na viti vile vilijazwa kwa kura.

Ledbetter mwenyewe hakuambulia hata senti ya ile kesi, kwa sababu sheria haikuirudisha mahakamani. Aliendelea kuwapigania wengine mpaka alipofariki mwaka 2024. Nakuambia hili ili usije ukadhani nimekuahidi muujiza.

Kwa hiyo wale wanawake wa kikundi hawakukupuuza. Ila nawalaumu kwa kuanza na daftari la wapigakura kabla hawajakusikiliza. Mtu aliyeumizwa kwanza hupewa kiti. Rudi kwao. Waulize nani amewahi kupeleka malalamiko ya mshahara, kwa nani, na yalichukua muda gani. Kisha waulize mbunge wenu alipigaje kura sheria ya kazi ilipojadiliwa mara ya mwisho. Wakishindwa kujibu hilo la pili, basi wana kazi ya kufanya, na wewe umeshajipatia nafasi humo.

Dokezo moja la mwisho. Iceland, kwa sheria iliyoanza kutumika 2018, kampuni au taasisi yenye wafanyakazi 25 au zaidi ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba inalipa sawa. Chini ya sheria ile mfanyakazi hasubiri hati isahaulike juu ya mashine. Tofauti ya kwenu na kwao iko kwenye nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, na jambo hilo huamuliwa bungeni.

Shangazi, mimi ni muuguzi. Kila mara naletewa karatasi nitie saini: leo likizo ya uzazi, kesho usafiri wa zamu ya usiku, keshokutwa chumba cha kunyonyeshea. Nimetia saini mpaka nimechoka. Zinaishia wapi hizi karatasi? — Mkono Umekufa Ganzi

Nyingine zinaishia kwenye droo, tusidanganyane. Saini ina nguvu pale tu anayeipokea anapojua mtiaji saini atamfuata.

New Zealand ilikuwa nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote haki ya kupiga kura za ubunge, mwaka 1893. Walioendesha kampeni, akiwamo Kate Sheppard, walipeleka saini zaidi ya 9,000 mwaka 1891, wakakataliwa. Wakapeleka karibu 20,000 mwaka 1892, wakakataliwa. Mwaka 1893 wakapeleka karibu 32,000. Karatasi kubwa ya mwaka ule ilikuwa na kurasa 546 zilizogundishwa ncha kwa ncha na kuzungushiwa kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge John Hall akaingia nayo bungeni akaiviringisha sakafuni ikajikunjua hadi ukutani. Wabunge wakawa hawana budi kuitazama.

Ninachokupendea wewe katika habari hii ni wakusanyaji. Kule Dunedin walikuwemo wanawake wa chama cha washonaji wa nguo, kilichoundwa mwaka 1889, na kiongozi wao Harriet Morison. Walipita nyumba kwa nyumba baada ya kazi. Mtu aliyegongewa mlango na mshonaji aliyechoka, wakazungumza kizingitini, hasahau alichotia saini. Uchaguzi ulikuja Novemba mwaka uleule, na sahihi zilikuwa zimeshageuka kuwa wapigakura.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini nyingine, muulize aliyeileta: inapelekwa kwa nani kwa jina, siku gani, na nani kati yetu anakwenda naye. Asipojua, mrudishie kalamu yake. Akijua, nenda naye, hata ukiwa na sare ya kazi. Ukiwa nayo ni vizuri zaidi.

Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi za ndani na nalala kwa mwajiri. Siku ya uchaguzi mama mwenye nyumba hutoka asubuhi kwenda kupiga kura, mimi nabaki na watoto. Nikimwomba nami nitoke, ananiuliza kura yangu moja itabadilisha nini. Kitambulisho changu anacho yeye, anasema ni kwa usalama. Nisaidie, ila asijue nimeandika. — Dada wa Kazi

Marahaba, mwanangu. Hatajua.

Tuanze na kitambulisho, kwa kuwa hilo ni kubwa kuliko uchaguzi. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa majumbani, unasema wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na vitambulisho vyake na hati zake za kusafiria. Kitu cha usalama wako kinakaa kwako. Kiombe kwa sababu ndogo isiyomtisha, kwa mfano unataka kusajili laini ya simu au kwenda zahanati, na kikifika mkononi kisirudi. Akikataa katakata, hiyo si nyumba ya kukaa kimya. Tafuta chama cha wafanyakazi wa majumbani, au ofisi ya kazi, au hata mtu mzima mnayesali naye umwambie. Mtu mmoja wa nje akijua, mambo hubadilika.

Sasa la kura yako moja. Huyo mama kwa nini huamka alfajiri kwenda kupiga ya kwake, kama moja haibadilishi kitu?

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1935 iliyolinda haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi iliwaacha nje watumishi wa majumbani na vibarua wa mashambani. Ile ya 1938 ya kima cha chini cha mshahara nayo ikawaacha. Majimbo ya Kusini, kazi hizo mbili zilikuwa ndizo za wanawake Weusi wengi, na haohao walizuiwa kupiga kura kwa mitihani ya hila na kodi, ingawa Katiba ilikuwa imeshawapa wanawake haki hiyo tangu 1920. Mbunge aliyewaruka hakuogopa lolote, maana hawakuwa na namna ya kumwondoa. Watumishi wa majumbani waliingizwa kwenye kima cha chini mwaka 1974, miaka tisa baada ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Ile ya 1935 mpaka leo bado haiwahusu.

Kati ya waliolipia sheria hiyo ya 1965 ni Fannie Lou Hamer wa Mississippi. Alikuwa kibarua wa shamba la pamba na mtunza saa za vibarua, kazi aliyoifanya kwa miaka 18. Tarehe 31 Agosti 1962 alipanda basi na wenzake kwenda Indianola kujiandikisha. Walifelishwa mtihani, na njiani kurudi polisi wakalisimamisha basi wakamtoza dereva faini, eti rangi yake ya manjano imezidi, linafanana na basi la shule. Jioni mwenye shamba akamwambia aende akaondoe ombi lake la sivyo aondoke. Hamer akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake yule bwana, alikwenda kwa ajili yake mwenyewe. Akahama usiku uleule. Januari 1963 akafaulu mtihani.

Sikuambii umjibu mama mwenye nyumba hivyo. Hamer alikuwa na basi zima la watu nyuma yake, na bado alipoteza kazi na makazi kwa siku moja. Wewe nenda taratibu. Hakikisha mapema umeandikishwa wapi. Wengi wenu mmeandikishwa mlikozaliwa, na siku ya uchaguzi mnagundua kituo kiko safari ya siku nzima. Kuhamisha kuna muda wake maalumu, na huisha kabla watu hawajaanza hata kuzungumzia uchaguzi. Angalia kama sheria ya nchi yako inamlazimu mwajiri kutoa muda wa kupiga kura. Nchi nyingi zina kifungu hicho. Kisha, wiki kadhaa kabla, mwambie mama: "Naomba siku ile nitoke saa fulani hadi saa fulani, watoto nitakuwa nimeshawaandalia kila kitu." Usiombe siku nzima, omba saa. Kama jirani ana dada wa kazi, pangeni mmoja abaki na watoto wa nyumba zote mbili, mwenzake aende, halafu mbadilishane. Na kama mama atataka kukuelekeza nani wa kumpigia, itikia "sawa mama" uende zako. Kura ni ya siri.

Shangazi, mimi ni mwanaume lakini nakusoma. Mke wangu na wenzake wa kazini wanasema tumpe kura mgombea mwanamke. Mimi nasema mgombea ni mgombea. Tena vikao vyao vya jioni vimezidi. Nani mkweli? — Baba Nyumbani

Karibu, baba. Kwenye la kwanza niko karibu na wewe kuliko unavyodhani. Wapo wanawake walioingia bungeni wakapiga kura dhidi ya likizo ya uzazi bila kupepesa macho. Usimpe mtu kura kwa gauni. Muulizeni mgombea, awe wa kiume au wa kike, aliwahi kupinga au kuunga mkono sheria gani ya kazi, na akiwa ni mwajiri, anawalipaje wafanyakazi wake mwenyewe. La mwisho hilo huwatoa jasho.

Ila usijitoe kwenye habari hii kana kwamba ni ya wanawake. Uswisi, mwaka 1959, wanaume peke yao walipiga kura kuamua kama wanawake nao wapige. Theluthi mbili wakakataa. Mwaka 1971 wakaulizwa tena, wakakubali. Kwa miaka kumi na miwili kati ya kura hizo mbili, mwanamke wa Uswisi alifanya kazi, alilipa kodi, na akasubiri mume, kaka na jirani wabadili mawazo. Mkeo hakusubirishi wewe, anakukaribisha.

Na vikao vya jioni havijazidi. Vinafanyika jioni kwa sababu mchana wako kazini. Mpe chakula mapema, walaze watoto, na siku moja nenda naye ukawasikilize. Beba swali lako hilohilo uwaulize wao.